Mwaka Zilipopatikana Fedha za Uzio

Katika mgahawa wangu hapa Nyololo rimoti haishikwi na mteja. Madereva wanaotoka Tunduma na Mbeya wanalijua hilo, na asiyejua huambiwa na mwenzake kabla hajaagiza supu. Bunge likiwa linaendelea, saa tatu asubuhi televisheni ni ya Bunge. Anayetaka kurudia mpira wa jana atasubiri mpaka kipindi cha maswali kiishe, au akanywe supu kwa jirani. Supu ya jirani siisemi vibaya, ila haina nyama.

Watu hudhani mimi ni mpenda siasa. Siasa siitaki hata ya bure. Nilikuwa nafuatilia swali moja tu, la mbunge wetu kwa Waziri wa Ulinzi. Swali hilo lilikuwa linaulizwa kila mwaka na kujibiwa kila mwaka, na majibu yake yalimhusu baba yangu, ambaye ni marehemu.

Kijiji chetu kiko juu huko, ukiacha lami na kupita mashamba ya miti. Kimepakana na eneo la jeshi la mazoezi ya shabaha. Makaburi ya zamani ya kijiji yako kwenye mteremko, na baba alizikwa pale kabla wapimaji hawajaja. Walipokuja na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakachimbia mawe ya mpaka, ikaonekana makaburi yote yako upande wa jeshi. Hakuna aliyegombana nao. Walisema ramani ndivyo inavyosema, na kweli walituonyesha ramani, na baba hakuwemo.

Tangu hapo wafu wapya wakawa wanazikwa chini, karibu na kanisa. Lakini kwetu mume akizikwa, ubavuni kwake panaachwa nafasi ya mke. Panaachwa tu, panapaliliwa pamoja na kaburi, na kijiji kizima kinajua pale ni pa nani. Nafasi ya mama ilikuwa upande wa kushoto wa baba, na aliitaja kama mtu anavyotaja kitanda chake. Ukimuudhi alikuwa anakwambia, "Haya, endeleeni, mimi nitaenda nikalale kwangu," na wala hakuwa na maana ya nyumbani.

Jeshi lenyewe halikuwa na shida na mtu. Uzio haukuwepo. Kila Jumamosi mama alipita na jembe lake, askari wa zamu akamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akamwitikia na kumpa hindi la kuchoma. Siku za shabaha walimpungia mkono arudi, akarudi bila kinyongo. Wajane kadhaa walikwisha kuzikwa mle hata baada ya upimaji, kila mmoja kwa mumewe, na askari walisimama kando wamevua kofia. Mmoja alichukua koleo akasaidia kufukia. Hakuna aliyeomba kibali, maana hakuna aliyejua kinaombwa wapi.

Sasa mbunge wetu. Ni mtu mwema, nalitanguliza hilo kabla sijamsema. Mwaka mmoja ng'ombe wa watu waliingia kwenye eneo la shabaha, wakatoka wote isipokuwa mmoja. Malalamiko yakamfikia, akaona hapa pana hoja. Akasimama bungeni akauliza ni lini Serikali itajenga uzio kuzunguka eneo lile, ili kuondoa mwingiliano kati ya jeshi na wananchi.

Nilikuwa nakaanga chapati. Nikaiacha ile ya kwenye kikaango ikaungua. Waziri akasimama, akapandisha miwani, akamshukuru Mheshimiwa Spika, akampongeza mbunge wetu kwa jinsi anavyofuatilia maslahi ya watu wake. Kisha akasema Serikali inatambua umuhimu wa uzio huo, lakini matumizi ya ulinzi ni mengi na fedha hazitoshi, hivyo uzio utajengwa kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Akakaa. Wakahamia swali la maji la mkoa mwingine.

Jumapili yake nilipanda bodaboda kwenda kumpa mama habari. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Mama, bungeni wamesema huku kwetu kuna mwingiliano."

"Mwingiliano ndiyo nini?"

"Ni wewe. Na jembe lako."

Akapepeta kidogo. "Wanautaka uzio?"

"Mbunge anautaka. Waziri amesema hela hakuna."

"Bwana asifiwe," akasema mama, akaendelea na maharage yake.

Kuanzia hapo mama akawa mfuatiliaji wa matumizi ya ulinzi wa taifa. Mpaka leo sijui kama Dodoma yupo aliyemzidi. Mwezi wa bajeti ukifika alikuwa anashuka Nyololo, analala kwangu, asubuhi anakaa kiti cha mbele na chai yake ya rangi. Mizinga na mafunzo ya vijana hakuyajali. Alisubiri neno moja tu, na waziri akilitamka, kwamba fedha hazitoshi, mama alikuwa anapiga makofi.

Kuna dereva mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anabeba mchele kutoka Chimala. Siku alipomwona mama anashangilia aliweka kijiko chini.

"Bibi, samahani. Nchi nzima inalia hela hakuna, wewe unapiga makofi. Kwani wewe ni mpinzani?"

"Mimi ni mjane," mama akamjibu.

Dereva akaniangalia. Nikamwongezea supu, maana kueleza kungechukua asubuhi nzima.

Mwaka wa tatu au wa nne wa majibu hayo, mama akaamka na neno: anataka kwenda kushukuru. Sikushangaa. Kwetu mtu akikufanyia jema huendi mikono mitupu, na ukifika hulielezi jema lenyewe. Unampa ulichobeba, unasema asante, basi. Kulieleza ni kumwona hana akili ya kukumbuka alichofanya. Ndivyo tulivyolelewa, na kwa miaka yote ya maisha yangu sijaona ikileta matatizo, mpaka ilipokutana na Bunge.

Akamkamata jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa anawika mpaka wachungaji wanakatiza sala. Tukaenda kwenye ofisi ya mbunge wilayani. Njiani nikamuuliza, "Mama, utamwambia unashukuru nini?"

"Si anajua alichouliza na alichojibiwa?"

"Hivi mama, akiuliza sana si ipo siku watampa?"

Akacheka mpaka jogoo akatikisika. "We mtoto. Serikali gani hiyo inatoa kwa kuulizwa?"

Mbunge akatupokea vizuri. Mama akapiga goti, akamwamkia kwa lugha yetu, "Kamwene, Mheshimiwa," akamkabidhi jogoo. "Nimekuja kushukuru kwa lile swali la uzio. Swali na majibu yake."

Jamani, mbunge yule alikaribia kulia. Alisema tangu achaguliwe watu wanakuja kwake na ada za shule, jezi za timu na majeneza, lakini kushukuru hajaja hata mmoja. Akampakata jogoo mapajani na suti yake, akapiga naye picha, akapiga na mama, akapiga na mimi pia. Kisha akaweka mkono kifuani.

"Bibi, umenipa nguvu. Sitalala. Nitauliza mpaka kieleweke."

Tulipotoka mama alikuwa amechangamka kweli. "Umemsikia? Anaendelea kuuliza." Kwa hesabu zake, swali likiulizwa, majibu yanakuja yale yale, na mwaka mwingine umepita salama. Nikamwambia, mama, huyu hakuelewa, turudi tumweleze. Akasimama katikati ya barabara akaniuliza kama nimeona wapi mtu anarudi kueleza zawadi. Tukapanda gari.

Bajeti iliyofuata mama alikuwa kwenye kiti chake. Mbunge wetu akasimama, na safari hii hakuishia kwenye swali. Alisema, "Mheshimiwa Spika, wananchi wangu wana kiu kubwa ya uzio huu. Mjane mmoja, mama mzee kabisa, aliniletea jogoo wake wa pekee kwa ajili ya uzio huu!" Bunge zima likacheka, likapiga meza. Dereva wa Chimala akamgeukia mama, akamnyooshea kidole, "Si wewe huyo, bibi?" Mama akajikuta anatabasamu, maana jogoo wake yuko bungeni.

Waziri naye akasimama anatabasamu. Akapandisha miwani. Akasema anampongeza sana bibi huyo kwa uzalendo wake, na kwamba ana furaha kuliarifu Bunge lako tukufu kuwa katika mwaka huu wa fedha, fedha za uzio zimetengwa.

Makofi yalikuwa marefu. Mbunge wetu aliinuka akainama kila upande. Nikachukua rimoti nikampa dereva, nikamwambia aweke mpira. Hakuuweka. Alibaki ameishika tu, mtu mzima na mwili wake wote, hajui pa kuangalia.

Mama akamaliza chai yake. Akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Ningepeleka mchicha," akasema.

Barabara yetu ya kijijini tumeiomba tangu mimi nasoma shule ya msingi. Uzio ulikuja mara moja. Malori yakapanda na nguzo za zege na marobota ya waya, mafundi wakatoka Iringa mjini, wanakula kwangu asubuhi na kunisifia chapati, na mimi nawahudumia kwa uso ule ule ninaowahudumia nao watu wa kodi. Walifanya kazi safi. Waya umenyooka, mrefu kumzidi mtu, na hata mbuzi mtundu wa mwenyekiti hakupata pa kupenya.

Tukaenda kwa mkuu wa kikosi, mimi na mama. Mtu mstaarabu, alitupa viti na chai yenye maziwa. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama yangu," akasema, "mwaka jana ningekuruhusu mimi mwenyewe, hapa hapa, wala nisingeuliza mtu. Lakini sasa uzio upo, na uzio una utaratibu wake. Kuzuru kaburi, utaandika maombi, yatapanda juu, yatarudi. Kuzika mle ndani, hapana tena. Hilo halipo."

"Hata mimi?" mama akauliza. "Nafasi yangu ipo tayari. Haitaleta usumbufu."

Akaangalia kikombe chake. Akasema, "Samahani sana, mama." Na nikaona anasema kweli, jambo ambalo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Kisha mbunge akaja kuuzindua uzio. Turubai likafungwa, ngoma zikapigwa, na yeye akiwa amevaa suti kwenye jua lile, anatoka jasho, amefurahi kama mtoto mwenye viatu vya Krismasi. Akasimulia habari ya jogoo. Akamwita mama mbele aje aseme neno, kwa kuwa uzio huu, alisema, ni wa bibi huyu.

Nikamnong'oneza mama, "Sema. Leo ndiyo leo. Sema yote."

Mama akasimama akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Kamwene," akasema, na watu wote wakaitikia. Akamwangalia mbunge, akamwangalia vizuri, jasho lake na furaha yake. "Mheshimiwa alisema atauliza, na ameuliza," akasema. "Mungu ambariki." Akarudi kukaa.

Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikwenda pale mbele sijaitwa na mtu, nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mama yangu alikuletea jogoo kushukuru kwamba hela hakuna!"

Watu wakacheka, wakadhani ni kichekesho kimepangwa. Nikaendelea. Nikawaeleza baba alipo, na nafasi iliyo kushoto kwake, na tulivyokuwa tunapiga makofi kila bajeti. Kicheko kikaisha chenyewe, safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma. Mama alikuwa ananivuta kitenge kwa nguvu zote. "Kaa chini! Unamwaibisha mgeni!"

Mbunge akashuka jukwaani. Nasema tena ni mtu mwema. Akachuchumaa mbele ya kiti cha mama, suti na vumbi.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kushukuru, baba," mama akasema. "Mtu anashukuru huku anakuagiza?"

Mbunge akaahidi kwamba ataliuliza hili bungeni: iwekwe hata njia ndogo ya kupita kwa miguu, yenye mlango na askari wa kuufungua. Na ameliuliza, simsingizii. Nilikuwa mbele ya televisheni siku hiyo, peke yangu, maana mama alikuwa ameacha kushuka Nyololo. Waziri akapandisha miwani yake. Serikali inatambua umuhimu wa mlango huo, lakini matumizi ya ulinzi ni mengi, fedha hazitoshi, na utawekwa kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu.

Nilimrushia waziri kitambaa cha kufutia meza. Kilimpata usoni, kikateleza kwenye kioo, kikaangukia bakuli la mteja. Nikamlipia supu yake.

Jumamosi nikapanda kwenda kumwambia. Nyumbani hakuwepo. Nilimkuta kwenye uzio, mahali unapopita karibu kabisa na makaburi. Kaburi la baba liko hatua chache tu ndani, unauona msalaba vizuri, lakini nyasi zilikuwa zimepanda zimefika kwenye mikono yake. Mama alikuwa amepiga magoti, ameingiza mkono kwenye tundu la waya mpaka begani, anang'oa majani anayoweza kuyafikia. Alikuwa amesafisha ndani mpaka mkono wake ulipoishia. Kando yake alisimama mwenyekiti wa kijiji, ameshika kofia yake, hana raha.

"Wamesema hela hakuna," nikamwambia mama.

"Najua," akasema, hakugeuka.

Ndipo nikaona kwamba upande wetu pia alikuwa ametifua. Ukanda mdogo wa ardhi, kati ya waya na shamba la mahindi, umepaliliwa vizuri, hauna jani hata moja, urefu wa mtu. Umeelekeana na kaburi la baba.

"Hapa," mama akasema. "Nikifa, msinizungushe kanisani chini na huko kwingine. Hapa."

Mwenyekiti akakohoa. "Bibi, mimi sikatai. Lakini hapa ni jirani mno na uzio, sijui sheria inasemaje. Acha nilifikishe kwa Mheshimiwa, akatuulizie."

Sijawahi kumsikia mama akipiga kelele. Wakati wa msiba wa baba alilia kimya kimya, na hata sisi alituchapa kimya kimya. Siku hiyo alichomoa mkono kwenye waya ukakwaruzika ukatoka damu, akapiga kelele mpaka askari wa zamu akageuka kule juu.

"Usiulize!"

Mwenyekiti akarudi nyuma.

"Mwenyekiti, nakuomba, nakushika miguu, usimuulize mtu! Usilifikishe popote! Mkiuliza watapata hela!"

Akahema. Akajipangusa damu kwa kitenge, akaona aibu. "Nisamehe, baba," akamwambia mwenyekiti, kwa sauti yake ya siku zote. "Nimekukosea heshima."

Mwenyekiti akautazama waya, akaitazama ile nafasi, akamtazama mama. Akavaa kofia yake. Alisema yeye leo yuko shambani kwake anapalilia mahindi, hajapita huku na hajamwona mtu, akaondoka kwa kupitia mahindini, akitembea taratibu.

Mama akapima nafasi yake kwa macho, kisha ile ya ndani, iliyofunikwa na nyasi. "Ubavuni haiwezekani tena," akasema. "Tutalala tunatazamana. Waya una matundu."

Nililia. Sikujali askari wala nani, nililia kwa sauti, kwa hasira na kwa huruma, sijui kipi kilizidi. Mama akaniacha kidogo. Halafu akanisukumia jembe.

"Lia, lakini palilia," akasema. "Jua linapanda."